Dafu Bei Gani?

Kwetu Tanga nyuzi 31 si habari. Kaskazi ikishakolea, joto hilo unalikuta saa nne asubuhi na hakuna anayelitaja isipokuwa muuza barafu. Ndiyo maana nikisimulia kwamba mimi, mtoto wa Tanga, niliangushwa na joto la nyuzi 31, tena Marekani, tena katika jimbo ambalo kila mwaka barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, watu huanza kwa kucheka. Huwa nawaacha wamalize. Hata mimi nimeshalicheka jambo hili, ingawa ilinichukua muda.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 16 Aprili 2012, siku ya marathoni ya Boston. Nilikuwa na umri wa miaka 41, naishi Lowell, mji wenye Wakenya wengi hata unga wa ugali hukosi, na nafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Kukimbia nilianza ukubwani. Boston nilikuwa naijua tangu niko sekondari, kwa sababu ya Juma Ikangaa: miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, alimaliza wa pili pale, na ule mwaka wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Sekunde moja! Baba alizima redio akatoka nje. Wakenya wa kazini walinikumbusha sekunde hiyo kila walipopata nafasi.

Mimi sikuwa na kasi ya kufuzu. Nafasi yangu ilikuwa ya hisani: unapewa namba, nawe unachangisha maelfu ya dola kwa ajili ya wagonjwa. Nilikuwa nimeshamwomba kila mtu, wauguzi, wapishi wa pale kazini, watoto wa wale wazee, majirani. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, wa miaka tisini na kitu, alitoa dola ishirini kwenye mkoba wake, akazikunja mara nne, akanitia mkononi kama mtu anayetoa siri. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye watu waliniuliza kwa nini sikuacha. Ningeachaje, na nimebeba ahadi za watu wote wale?

Mazoezi yangu yalikuwa baada ya zamu. Saa moja asubuhi natoka kazini, navaa soksi mikononi maana glavu zilikuwa zinanipotea, nakimbia kandokando ya mto Merrimack. Msimu ule wa baridi haukuwa mkali kama kawaida, lakini baridi ni baridi. Kisha mwezi Machi zikaja siku chache za joto la ajabu, watu wakatoka na kaptula, nikakimbia siku mbili tatu nikajisikia niko nyumbani. Siku hizo ndizo zilizonidanganya.

Wiki ya mbio, utabiri ulipanda kila ukiufungua. Mwisho wa wiki waandaaji walituandikia bila kuficha: joto litakuwa la hatari, asiyejiandaa vizuri asikimbie, anayetaka kuahirisha atapewa nafasi yake mwaka 2013. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye naye alikuwa na namba, alisoma ujumbe ule mara moja tu.

“Mimi nimeahirisha,” alisema.

“Shemeji, wewe si wa Morogoro?”

“Ndiyo. Morogoro nilikuwa nakimbia saa ngapi?”

Sikumjibu. Rafiki yangu wa Eldoret aliniambia maneno niliyotaka kuyasikia: “Wewe ni mtu wa Coast, hiyo ni hali ya hewa yenu. Waache Wazungu waogope.” Nikaamini. Niliamini kabisa kwamba joto lilikuwa ndani yangu, kama lafudhi, kwamba mtu akizaliwa nalo halimtoki. Nilikuwa na miaka kumi na moja sijakaa Tanga zaidi ya wiki tatu mfululizo.

Asubuhi ya mbio mabasi ya njano ya shule yalitupeleka Hopkinton, mahali mbio zinapoanzia. Wenzangu walijibana kivulini chini ya mahema, wamelala chali, wamejifunika kofia usoni. Mimi nilikaa juani, kwenye nyasi, napiga soga. Nilikuwa nimebeba kipande cha kanga ya mama, nimekikata kwa mkasi usiku wake, nia yangu kukilowesha njiani nikivae shingoni. Mama mmoja wa makamo kutoka Texas aliniuliza kama siogopi jua. Nikamwambia ninakotoka hii ni asubuhi ya kawaida. Ningeweza kuyafuta maneno machache maishani, hayo yangekuwamo.

Kundi letu liliondoka saa nne na dakika arobaini. Hilo nalo ni jambo: marathoni nyingi huanza asubuhi na mapema, lakini Boston huanza jua limeshapanda, na sisi wa nyuma tunalipata lote. Njia inaanza kwa mteremko. Miguu inakwenda yenyewe, watu wanashangilia, na mimi nikajikuta nakimbia kwa kasi ileile niliyoipanga mwezi wa pili nikiwa na soksi mikononi. Kumaliza kwa muda wa saa nne na nusu ndiyo ilikuwa hesabu yangu, na sikutaka kuigusa.

Watu wa vijiji vile na miji ile, Mungu awalipe. Walitoa mipira ya kumwagilia bustani wakatunyunyizia, watoto walisimama na mabakuli ya barafu, mzee mmoja pale Natick alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha uani anagawa machungwa yaliyokatwa vipande vinne. Nililoweka kanga yangu, nikajaza barafu, nikaifunga shingoni. Kwa dakika tano nilikuwa malkia. Kisha barafu ikayeyuka, kanga ikapata uvuguvugu kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka.

Wale waliokulia pwani wanaujua mtungi. Unawekwa upenuni, penye upepo na kivuli, maji yanapenya kwenye udongo na kutoka nje kama jasho, upepo unayakausha, na ndani maji yanabaki baridi. Mwili nao ni hivyo hivyo. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu, linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Sasa uchukue mtungi huo uutoe upenuni, uuweke juani, upepo mchache uliopo utoke nyuma na kwenda mwendo uleule unaokwenda wewe, halafu uwashe moto ndani yake. Maana mkimbiaji anatengeneza moto: sehemu kubwa ya nguvu anayoichoma, kama robo tatu na zaidi, haimsogezi hata hatua, inageuka joto. Mtu aliyekaa barazani kwenye nyuzi 31 na mtu anayekimbia kwenye nyuzi 31 hawako kwenye hali ya hewa moja. Haya yote nilikuja kuelezwa baadaye, nimelala kitandani na mpira wa dripu mkononi.

Mpaka Wellesley, katikati ya safari, nilikuwa bado nakimbia. Wasichana wa chuo cha pale wana desturi ya kupiga kelele, unazisikia kabla hujawaona. Nilizisikia kama zinatoka chini ya maji. Nilidhani ni masikio yameingia maji ya mpira. Kichwa kilianza kugonga, ngozi ya mikono ikasimama vinyweleo kama mtu aliye kwenye baridi. Ningemwona mzee wangu pale kazini ana vinyweleo vimesimama katika chumba cha joto, ningebonyeza kengele papo hapo. Mwenyewe nilijiambia, “Afadhali, mwili umeanza kupoa.”

Newton ina vilima vinne, na cha mwisho ndicho maarufu, Heartbreak Hill, kama kilomita ya 33. Kwenye vilima hivyo kumbukumbu yangu ina matundu. Nakumbuka sanamu ya Johnny Kelley, yule mzee aliyekimbia Boston mara 61, akashinda 1935 na 1945. Sanamu yake iko kandokando ya barabara, Kelley kijana na Kelley mzee wameshikana mikono. Nakumbuka nikiwaamkia. “Shikamooni,” kwa wingi, kwa heshima zote. Nakumbuka nikikasirika kwamba hawaitikii.

Baada ya hapo nina kipande kimoja tu, nacho kiko wazi kama picha. Nimesimama mbele ya meza ya maji. Msichana wa kujitolea, ana glavu za plastiki, ananinyooshea kikombe cha karatasi. Ukingo wa kikombe umebonyea, ndani maji yanacheza na jua limevunjikavunjika juu yake. Nami namwuliza, kwa Kiswahili, taratibu, kama mnunuzi asiye na haraka:

“Dafu bei gani?”

Akatabasamu, akasukuma kikombe. Nikakataa. Nikamwambia siwezi kuchukua bila kulipa, na kwamba nataka lenye nyama laini. Nasikia nilianza kujipapasa kiunoni kutafuta pesa.

Hapo Mungu alikuwa amemweka mtu. Kati ya watazamaji alikuwapo kijana wa Kikenya aliyekuja kumshangilia mkewe. Yeye ndiye aliyenihadithia yaliyobaki. Alisikia neno dafu akageuka. Akaruka kamba, akanishika mkono.

“Mama, uko wapi hapa?”

“Raskazone, Tanga,” nikamwambia, na nikamwonyesha bahari. Mahali nilipoonyesha palikuwa na kituo cha mafuta.

“Unaitwa nani?”

Nikamtajia jina la mama yangu. Ndipo akapiga kelele kwa Kiingereza kuita madaktari. Anasema nilikuwa nimelowa jasho chapachapa, usoni natabasamu. Wengi huamini kwamba anayepatwa na kiharusi cha joto lazima akauke jasho. Kwa mkimbiaji sivyo, na hilo ni la kuliangalia: ukimwona amechanganyikiwa maneno, usingoje akauke. Miguu iliniacha hatua chache kutoka kwenye hema la madaktari.

Ndani ya hema kipimajoto hawakukiweka mdomoni wala kwapani, maana huko joto la ndani halionekani sawasawa kwa mtu aliyekuwa anakimbia. Nimewapima wazee kwa njia hiyo iliyobaki mara nyingi, nikiwaambia, “Samahani bibi, ni sekunde chache tu.” Sasa ilikuwa zamu yangu kuambiwa samahani. Nyuzi 41 na pointi moja. Wakaninyanyua watu wanne wakanitumbukiza katika beseni kubwa la maji na barafu, na nguo zangu, na kanga yangu, mpaka kifuani. Gari la wagonjwa lilikuwapo nje, tayari, lakini halikuondoka. Kwanza unapoza, ndipo unasafirisha. Ubongo na figo havingoji foleni ya barabarani.

Akili ilirudi na maumivu. Nilidhani nachomwa. Nililia kwa sauti, nikawatukana kwa lugha mbili, nikamwita mama. Yule kijana alikuwa ameruhusiwa kubaki kwa ajili ya kutafsiri, na nasikia matusi yale hakuyatafsiri. Mkono mmoja wa nesi ulinishika kidevu kisiingie majini, na mwingine ukawa unakoroga barafu ili maji ya vuguvugu yasinizingire. Kama dakika kumi na tano. Kisha muuguzi akaniuliza leo ni siku gani, nikamwambia Jumatatu, akaniuliza uko wapi, nikamwambia, kwa aibu, “Newton.” Nadhani nilikuwa nimefika kilomita ya 34.

Siku ile watu zaidi ya 2,000 walihudumiwa na madaktari wa mbio. Nawataja si kwa kujifariji tu. Geoffrey Mutai, aliyeshinda mwaka uliotangulia kwa saa 2:03:02, naye aliacha njiani. Aliyeshinda, Wesley Korir, alitumia saa 2:12:40, dakika tisa na ushee nyuma ya muda ule wa Mutai. Aliwaacha wenzake watangulie, akakimbia yake, akawaokota mmoja mmoja. Sharon Cherop alishinda upande wa wanawake, na nafasi zote tatu za juu, wanaume kwa wanawake, zilikwenda Kenya. Rafiki yangu wa Eldoret alinipa taarifa hiyo wodini kabla hajaniuliza hali.

Nililazwa siku mbili. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, misuli imeharibika na figo zinahangaika kuisafisha damu. Usiku wa pili nilimpigia mama Tanga. Nilitaka kumficha, nikashindwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mwanangu, ulikuwa unakimbia saa ngapi?”

“Saa nane na nusu hivi mchana, mama.”

“Saa nane mchana!” Akavuta pumzi. “Wewe hapa kwetu umewahi kumwona nani anakimbia saa nane mchana?”

Nikafikiri. Sikumpata.

“Mwizi,” akasema, “na anayemkimbiza.”

Nilicheka mpaka mashine ikalia. Lakini alipokata simu nililala macho. Alikuwa amenionyesha kitu ambacho sikukiona kwa miaka arobaini. Mimi nilidhani watu wa pwani tunalimudu joto kwa ugumu. Kumbe ujuzi wetu wote uko kwenye baraza, kwenye mwembe, kwenye madirisha yanayofungwa mchana na kufunguliwa magharibi, kwenye usingizi wa saa saba, kwenye soko linalofunguka alfajiri. Bibi zangu hawakuwahi kushindana na jua hata siku moja. Nilirithi kivuli, nikajisifu kwa jua.

Nilirudi kazini baada ya wiki tatu. Yule bibi wa dola ishirini aliomba kuiona medali. Nikamwambia sina, sikumaliza, na kwamba akitaka nitamrudishia pesa yake. Akanitazama, akauliza kama barafu ilikuwa baridi sana. Nikasema sana. Akasema basi tusubiri chai.

Shemeji alikimbia 2013. Yeye aliyekuwa na busara ya kuahirisha ndiye aliyesimamishwa na polisi zikiwa zimebaki kilomita chache, kwa sababu mabomu yalikuwa yamelipuka pale mwisho, Boylston. Alirudi nyumbani mzima, usiku, amejifunika shuka la mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo hatujawahi kubishana nani alichagua vizuri.

Mwanzoni mwa 2014 nilikwenda nyumbani kwa likizo ndefu, na nikajiandikisha Kilimanjaro Marathon, Moshi. Daktari alikuwa ameniruhusu kwa sharti moja: nizoee joto kwanza. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne. Katika siku hizo damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na kutoka kwa wingi zaidi, moyo unapunguza papara. Na ukiondoka ukae kwenye baridi wiki chache, yote yanayeyuka. Hayahifadhiwi. Kuzaliwa Tanga hakupunguzi hata siku moja kwenye hesabu hiyo.

Mama alijiteua kocha. Siku nne za kwanza alinikataza kukimbia, nikatembea tu kwenda sokoni na kurudi. Kisha saa kumi na moja alfajiri, dakika ishirini. Kila siku aliniongezea kidogo na kunisogeza kidogo kwenye jua, kama mtu anayeanika dagaa wake na kuwaonea huruma. Nikirudi ananipima kwa macho, ananipa uji wa chumvi kidogo, ananiambia nikae. Sikuwa na la kubisha. Maji nayo alinizuia kuyabugia: kunywa mengi kupita kiasi kunaishusha chumvi ya damu na kunaweza kuua mkimbiaji vilevile. Hilo alilijua kwa njia yake, alisema maji matupu “yanamlegeza mtu.”

Moshi tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Unakwenda kwanza upande wa barabara ya Dar es Salaam, unarudi mjini, halafu nusu ya pili unapanda kuelekea Mweka, kati ya migomba na kahawa, kilomita nyingi za kupanda tu, na jua nalo linapanda na wewe. Sikuvaa saa. Kila penye kivuli cha mgomba nilikimbia, kila penye jua na mlima nilitembea, bila haya, hata watoto waliponiimbia. Kila kituo nilisimama wima, nikanywa vikombe viwili, nikalowesha ile kanga. Ndiyo ileile. Hospitali waliirudisha ndani ya mfuko wa plastiki, imekatwa upande na mkasi wa mtu mwenye haraka, mama akaipindia ukingo kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umekwisha.

Katika mteremko wa kurudi kichwa kiligonga kidogo. Nikasimama chini ya mti nikajihoji kwa sauti, mbele ya mama mmoja muuza ndizi: naitwa nani, leo siku gani, niko wapi. Nikajijibu sawasawa yote matatu. Yule mama akanipa pole akanionyesha njia ya zahanati. Nikamshukuru, nikaendelea polepole.

Nilimaliza saa sita kasoro dakika kumi. Nikavishwa medali, nikatafuta mti, nikakaa, nikampigia mama.

“Nimemaliza, mama.”

“Alhamdulillahi. Saa ngapi?”

“Saa sita kasoro kumi.”

“Na jua liko wapi?”

Nikatazama juu. “Utosini.”

Akanyamaza. Nikasikia nyuma yake redio na mtu anachota maji.

“Na huyo mwizi,” akasema, “mmemkamata?”